Kifurushi cha Tunduru

Siku ya nne baada ya kumzika Bi Zuhura, binti yake Aisha alinikabidhi ufunguo wa stoo akaniambia nichukue ninachotaka, kwani vitakavyobaki vitachomwa moto. Niliingia asubuhi na hadi adhuhuri sikuwa nimechukua kitu. Stoo ilinuka gundi iliyokauka na mavi ya panya. Rafu zote zilijaa CD zilizoandikwa kwa kalamu nzito: harusi, maulidi, kipaimara, arobaini ya fulani, mazishi ya fulani. Siku hizi mtu hunyanyua simu pale pale kaburini na aliyeko mbali akaona udongo ukishuka. Nassoro, mwana wa Bi Zuhura aliyeko Maskati, alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo alimzika mama yake kwa njia hiyo. Tangu hapo alikuwa amenipigia mara tatu na mara zote tatu niliiacha simu iite mpaka ikakoma. Nilijua anataka nini, maana Aisha aliniambia. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa na mama yao alipokata roho, Aisha akiwa ameenda duka la dawa, na Nassoro alitaka kujua kama mama yake alimtaja. Mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili, nikawa naogopa simu. Sababu ya woga huo ni mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka nilioutumia kwenye chumba kilichokuwa mbele ya stoo hiyo hiyo, nikifunga CD za watu ziende posta.

Nilikuwa na miaka ishirini. Bi Zuhura alikuwa mjane, marehemu mumewe alimwachia studio ya picha nyuma ya soko la Singida mjini, na wakati ule CD zilikuwa ndiyo kwanza zimepamba moto. Mbele kulikuwa na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, ambapo watu walipigwa pasipoti na picha za ukumbusho. Nyuma kulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, utadhani ni bibi harusi, na karibu na dirisha meza yangu: mkasi, gundi, rula ya mbao, uzi wa katani, karatasi za kaki na lundo la maboksi ya biskuti tuliyookota madukani. Athumani, mpiga picha wetu, alirekodi na kuchoma CD. Mimi nilifunga. Niliajiriwa kwa sababu mbili, kama alivyosema Bi Zuhura mwenyewe: nina mwandiko mzuri wa anwani, na ni Mnyiramba, hivyo wateja wa Kiomboi na vijiji vyake wasiokijua Kiswahili vizuri wangepata mtu wa kusema naye.

Kufunga CD nilidhani ni kazi ya kitoto. Siku ya kwanza nilitia CD kwenye kava lake la plastiki, nikaizungushia gazeti, nikabandika bahasha na kumpelekea. Aliichukua, akaitupa sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino, akanirudishia. Ndani kava lilikuwa limevunjika na vipande vyake vimeichora CD yote. "Hapo umemtumia mtu wembe," alisema. Kisha akanifundisha. Kava la plastiki halitumwi kamwe. CD inavikwa kitambaa laini, halafu inalazwa katikati ya vipande viwili vya boksi, mistari ya boksi la juu ikilala na ya boksi la chini ikisimama, ili yakibanwa huku yasikunjike kule. Katikati ya boksi moja unabandika kitufe kidogo cha sponji kinachoingia kwenye tundu la CD na kuishikilia isiende popote. Uzi unapita mara nne. Kaki juu, gundi, anwani. "CD haifi kwa kupigwa," alisema, "inakufa kwa kutembea." Kila kifurushi alikishika, akakitikisa karibu na sikio lake la kulia, macho kayafumba. Kikitoa sauti yoyote, alisema neno moja tu, "Fungua," nami nilianza upya. Mwezi wa kwanza nilifungua vingi kuliko nilivyofunga. Na juu ya sheria hizo zote kulikuwa na moja kubwa, aliyoirudia mpaka nikawa naiota: kifurushi ni cha kitu kimoja, usiongeze kitu. Watu wa kwetu hawapendi kutuma mkono mtupu. Mtu akileta CD ya msiba ataleta na kichupa cha asali, karanga, hata kipande cha nyama kavu, akikuomba ukisindikize humo humo. Bi Zuhura alikataa vyote. Asali ifungwe peke yake, karanga peke yake, kila kimoja na anwani yake.

Mchana tulikula mkekani kwenye kijia kati ya studio na nyumba. Alipika wali kama watu wa pwani alikotoka babu yake, na mlenda kama Wanyaturu waliomzaa mama yake, akavipakua pamoja bila kuona haya. Mimi alinitania kwamba Wanyiramba tunakula ugali kama watu wanaoweka akiba ya njaa ijayo. Baada ya chakula alikunywa chai ya tangawizi kavu kabisa. Kopo la sukari lilikuwepo, lakini yeye hakuligusa. "Sukari ni ya wageni," alisema. Siku moja nilimsikia akizungumza na jirani yake huku mimi naosha vyombo. Nassoro alikuwa amefaulu mtihani na jirani alishangaa kwamba mtoto hajaambiwa hata hongera. "Nimpongeze ili iweje?" Bi Zuhura alisema. "Nimempikia, nimemfulia. Hajaelewa tu?" Jirani alisema, "Watoto wa siku hizi wanataka kusikia, shoga yangu."

Mvua za mwaka ule zilipokuwa zinaishia, alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Sekenke, Mzee Msengi, amevaa koti zito kwenye joto. Alikaa kwenye benchi la wateja muda mrefu bila kusema shida yake. Nilipomwamkia kwa Kinyiramba ndipo aliponisimulia. Mkewe, Mama Elia, alikuwa mgonjwa wa kufa. Hospitali walishamruhusu akafie nyumbani, na sasa yuko kwa dada yake Kiomboi. Mtoto wao wa kwanza, Elia, aliondoka miaka sita nyuma. Aliwatoa ng'ombe wawili wa mama yake zizini bila ruhusa, akawauza, akatia kila kitu kwenye shimo la dhahabu pale Sekenke, na shimo halikutoa hata punje. Mama yake alimfuata mpaka shimoni na mbele ya wachimbaji wote akamtamkia: usipate, na ukipata kisikae. Elia aliondoka siku ile ile. Sasa yuko Tunduru, kwenye machimbo ya vito, kusini kabisa, mahali ambapo simu haishiki na barua hupitia sanduku la mwenye duka mmoja. "Mama yake anataka kuyarudisha maneno," mzee alisema. "Na neno la mzazi analirudisha mwenyewe kwa kinywa chake. Mimi siwezi kumrudishia. Nimesikia ninyi mnaweza kukikamata kinywa."

Tulikwenda Kiomboi mimi na Athumani. Walituchinjia kuku, mgonjwa na wanaomuuguza wenyewe hawajala vizuri kwa wiki, na tukamla sebuleni tukisikia pumzi za mama yule nyuma ya pazia. Kila nilipotafuna nilisikia anavyovuta hewa. Chumbani kulikuwa na kitanda cha kamba, beseni, na dirisha dogo tuliloombwa tusilifungue. Walimwinua wakamwegemeza ukutani. Nilishika taa, Athumani akashika kamera. Hakulia na hakuharakisha. Alisema, "Wewe uliyenifungulia tumbo, maneno niliyoyasema shimoni nimeyameza. Upate, na ukipata kikae. Ng'ombe walikuwa wangu, nami nimekupa." Kisha akaomba mtama. Dada yake akamwekea kiganjani punje chache. Akazitemea mate kidogo, kama wazazi wa kwetu wanavyobariki, akaeleza kwenye kamera kwamba mtoto azitafune tatu asubuhi kabla hajasema na mtu, nyingine azipande popote alipo. Akazifunga kwenye kipande alichochana kutoka kanga yake, fundo gumu la ukubwa wa kidole gumba, akaninyooshea mimi. "Ziende pamoja na maneno," alisema. "Vikitengana, hayo ni maneno tu na huu ni mtama tu." Nikamwambia, ndiyo mama, vitakwenda pamoja.

Bi Zuhura aliliona fundo lile mezani akasema litumwe kwenye bahasha yake. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema anamhurumia mama wa watu, na litumwe kwenye bahasha yake. Akaenda kuswali. Sasa ninapoandika haya nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao yeye wakati ule, na najua kwamba mtu anaweza kuhurumia na kukataa kwa wakati mmoja. Kwa miaka ishirini yangu niliona ni ukatili. Nilijiona mimi ndiye mwenye moyo. Nilifungua maboksi, nikaliweka fundo juu ya CD, pembeni mwa sponji, nikavuta uzi kwa nguvu zangu zote ili lisicheze, nikauzungusha mara sita badala ya nne. Kaki, gundi, anwani. Bi Zuhura aliporudi alikitikisa sikioni, macho kayafumba. Kimya. Kilikuwa kimya kwa sababu nilikikaza mno, na kukaza kwenyewe ndiko kulikokuwa kunalikandamiza fundo juu ya CD. Alinitazama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilijisikia mjanja, sitaficha. Nilikipeleka posta mwenyewe nikaomba kiandikishwe.

Mama Elia alifariki wiki ya pili. Athumani alirekodi harusi juu ya tepu ya kamera iliyokuwa na maneno yake, kama alivyofanya siku zote baada ya CD kutoka, maana tepu zilikuwa chache, na kompyuta yetu ilikuwa ndogo, haikutunza kitu. Hakuna aliyekosea hapo. Ilikuwa ndiyo kawaida.

Elia alikuja kiangazi, siku ya upepo ule wa Singida unaorusha mchanga mpaka ndani ya chai. Nilimtambua kabla hajasema, kwa koti: alikuwa amevaa lile lile la baba yake. Alitoka kulitazama kaburi. Aliweka juu ya meza kifurushi chetu kikiwa kimefungwa tena kwenye kaki yake na kusema, "Mama, shikamoo. Hiki ni chenu?" Bi Zuhura alimkaribisha kiti, akakifungua mwenyewe. CD ilikuwa vipande viwili na kipande cha tatu chembamba kama ukucha. Kwenye boksi la juu kulikuwa na bonyeo la mviringo. Bi Zuhura alilipapasa, akatia kidole gumba chake ndani, kikaenea. Aliniangalia. Mimi nikasema upesi, "Hawa watu wa posta wanavurumisha mizigo." Bi Zuhura hakunigeukia tena. Alimwambia Elia, "Si posta, baba. Kosa limetoka kwenye mikono yangu. Nisamehe."

Elia akauliza kama kuna nyingine. Athumani akamweleza habari ya tepu huku ametazama chini. Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Na mtama, kaka?" Akasema, "Mtama niliwapa kuku wa mama ntilie. Nilidhani mmeuweka kuzuia unyevu." Elia ndiye aliyeanza kuelewa kutoka kwenye nyuso zetu, akauliza taratibu, "Ulikuwa wa nini?"

Bi Zuhura alivuta kiti kingine akakiweka mbele yake, akaniashiria nikae. "Roda alikuwepo," alimwambia. "Aliyasikia kwa masikio yake na lugha ni yake." Halafu akaniinamia, na nilisikia harufu ya tangawizi kwenye pumzi zake. "Mwambie alichosema mama yake. Usiongeze kitu."

Nilimwambia kwa Kinyiramba, kwa mpangilio ule ule. Habari ya shimo, ya kumeza maneno, ya kupata na kukaa, ya ng'ombe. Nilimweleza mtama ulikuwa wa nini. Alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti, na nikaona shingo yake inatetemeka. Nilitaka kumpa zaidi. Maneno ya mama yake yalikuwa machache, makavu, na mbele yangu alikaa mtu mzima aliyesafiri siku tatu kuyafuata. Basi nikamalizia, "Akasema, Elia, Elia mwanangu." Nilifikiri kila mtu anamwita yule mwanamke Mama Elia, yeye atamwita nani kama si Elia?

Shingo ikaacha kutetemeka. Alinyanyua uso. "Alisema Elia?"

"Ndiyo, kaka."

"Rudia alivyosema."

Nikarudia, na mara hii nikaweka hata huzuni kwenye sauti.

"Mama yangu hakuniita Elia hata siku moja," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Elia ni la kanisani na shuleni. Yeye aliniita Kiula, jina la baba yake. Hata siku ile ya shimoni aliniita Kiula." Akanitazama muda. "Kama hilo umeliweka wewe, dada, na mengine umeyaweka mangapi?"

Nikaapa. Nikasema ni hilo moja tu, mengine yote ni ya mama yako, jina hakulitaja, alisema "wewe uliyenifungulia tumbo". Nilivyozidi kuapa ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kama mwongo wa mnadani. Elia alimaliza maji aliyopewa, akashukuru, akaagana na Bi Zuhura kwa heshima zote. Vipande vya CD aliviacha juu ya meza. Miaka mingi baadaye nilikutana na Mzee Msengi kituo cha mabasi Kiomboi, akaniambia mwanawe bado yuko kusini, hakuoa, na kila anachokipata hugawa kabla jua halijazama, kwa sababu anajua hakitakaa. Mzee alinieleza hayo bila kunilaumu. Hakujua kwamba mimi ndimi niliyelitia fundo lile ndani.

Nilingoja kufukuzwa. Bi Zuhura alilichukua boksi lenye bonyeo, akagongelea msumari ukutani juu ya meza yangu, akalitundika. "Huna roho mbaya," alisema. "Ungekuwa na roho mbaya ningejua cha kukufanya." Kisha akanipa kazi ya mchana. Nilifunga CD za watu chini ya boksi lile mpaka mwaka ulipoisha na sikuongeza kitu tena kwenye kifurushi cha mtu yeyote. Nilipoondoka kwenda kuolewa tuliendelea kutembeleana, na hata yeye alipozeeka akawa mtu wa kukohoa hatukuwahi kulitaja jina la Elia. Nilidhani boksi lilishatupwa siku nyingi. Nimelikuta stoo, nyuma ya mlango, kwenye msumari. Nilitia kidole gumba kwenye bonyeo. Bado kinaenea.

Simu iliita mara ya nne nikiwa nimelishika. Nikapokea.

"Shikamoo, mama mdogo," Nassoro alisema. Sauti yake ilikuwa imechakaa. "Aisha anasema ulikuwa naye."

"Marahaba, baba. Nilikuwa naye."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama mlango wa stoo umefungwa. Nikamwambia umefungwa. Akaomba chai ya tangawizi. Akanywa mafunda mawili, akaniambia nimlaze. Basi."

Nilisikia magari ya huko aliko. "Hakunitaja?"

Nilikuwa na jibu tayari, tena zuri. Ningesema alikuwa anaitazama picha yako iliyo ukutani. Nani angebisha? Lakini alikuwa anatazama dirisha.

"Hakukutaja, mwanangu," nilisema.

Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono, "Hiyo chai. Mlimtilia sukari?"

"Nilitia kijiko kimoja, apate nguvu. Alipoonja akaniuliza, 'Mimi ni mgeni humu ndani?'"

"Huyo ndiye mama," Nassoro alisema, na akaanza kulia. Sikumwambia anyamaze. Nilikaa juu ya boksi la biskuti, simu sikioni, mpaka alipomaliza.